Urafiki Huzaliwa Kazi Ikikosekana

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Mada niliyopewa ni pana: teknolojia na urafiki wa kimataifa. Mwenyekiti ameniomba niihusishe na kazi zinazotolewa nje, zile ambazo kampuni ya nchi moja huwapa watu wa nchi nyingine kwa kuwa ujira wao ni mdogo. Mniwie radhi nikianzia pale ambapo mazungumzo ya teknolojia hayafiki: siku ambayo kazi haikuja. Umewasha kompyuta, orodha ya kazi ni tupu. Umesubiri, bado tupu. Na anayelipwa kwa kipande halipwi kwa kusubiri.

Dai langu ni kwamba urafiki wa kimataifa, ule wa kweli, unazaliwa siku kama hiyo.

Tuliahidiwa vingine. Mwaka 1858, waya wa kwanza wa telegrafu ulipovuka Bahari ya Atlantiki, watu walisherehekea na kutabiri amani, wakiamini kuwa mataifa yanayozungumza hayatapigana. Waya wenyewe ulikufa baada ya wiki chache tu. Uliodumu ulitandazwa mwaka 1866, na ujumbe ulikuwa ghali kiasi kwamba waliomudu ni serikali na wafanyabiashara wakubwa. Mtu wa kawaida hakumsalimia nao ndugu yake. Mwaka 1988 ukaja waya wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka bahari hiyohiyo, na leo karibu data yote inayopita kati ya mabara hupita chini ya bahari. Gharama iliposhuka, kazi ikaufuata waya.

Sasa tazameni saa. Wakati wa baridi, saa tatu asubuhi New York ni saa moja na nusu jioni Bengaluru, na ni saa nne usiku Manila. Kwa hiyo kijana anayepokea simu za wateja huko Manila anaanza zamu wakati jirani zake wanakwenda kulala. Katika vituo vingi vya simu nchini India wafanyakazi walifundishwa kubadili lafudhi, wakapewa na majina ambayo mteja wa Marekani au Uingereza angeyatamka bila taabu. Hebu fikirini: watu wawili wanazungumza, mmoja anamweleza mwenzake shida yake, na huyu anayesikiliza hata jina lake hana ruhusa ya kulitaja. Juu ya hayo, kila simu inapimwa kwa dakika. Mteja mpweke anayetaka kuuliza habari za watoto ni hasara. Teknolojia imewakutanisha watu kwa mamilioni, kisha ikahakikisha hawafahamiani.

Kuna mfumo uliolisema jambo hili waziwazi kuliko mingine. Mwaka 1770, huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia Maria Theresa mashine ya kucheza sataranji, sanamu la Mturuki aliyeketi nyuma ya kabati. Ndani ya kabati alijificha mtu. Mwaka 2005 Amazon ilianzisha soko la kazi ndogondogo za mtandaoni na kulipatia jina la mashine hiyo, Mechanical Turk, yaani Mturuki wa Mashine. Sijui kama niwalaumu au niwasifu kwa ukweli wao.

Kupitia soko hilo, kundi la watafiti lililoongozwa na Fei-Fei Li liliwatumia watu wapatao 49,000 kutoka nchi 167 kupanga na kutambulisha picha: huyu paka, hii baiskeli. Ikatoka hazina ya picha zaidi ya milioni 14, ImageNet, ambayo mwaka 2012 ilisaidia kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kujifunza kuona. Majina ya wanasayansi tunayajua. Ya wale 49,000 hatuyajui, na mfumo haukujengwa ili wao wenyewe wajuane.

Lakini walijuana. Hapa ndipo ninapopapenda.

Watafiti Mary Gray na Siddharth Suri waliwafuatilia wafanyakazi wa aina hii India na Marekani, wakakuta wanasaidiana kwa siri ya wazi: wanapigiana simu, wanaambiana ni kazi ipi inalipa, nani mlipaji mbaya, fomu ile inajazwaje. Jukwaa, yaani tovuti inayowagawia kazi, liliwachukulia kama watu wasio na wenzao, wao wakaunda ujirani kulizunguka. Mwaka 2008 Lilly Irani na Six Silberman walitengeneza Turkopticon, chombo cha kuwawezesha wafanyakazi kuwapa alama watoa kazi, maana hadi hapo alama zilitolewa upande mmoja tu. Na maonyo ya aina hiyo huandikwa lini? Orodha inapokuwa tupu. Mwenye kazi mbele yake hana muda wa kumwonya mgeni wa bara jingine.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya kazi hizi ni ukimya. Nisiupambe sana urafiki huo, maana rafiki huyo ni mshindani pia: kazi ikitokea, atakayewahi ndiye atakayekula. Hata haki zao hazilingani. Kwa miaka mingi, katika soko hilo la Amazon, wa Marekani na India ndio walioweza kulipwa fedha, huku wengi wa nchi nyingine wakilipwa kwa kadi za kununulia bidhaa. Bado walielekezana.

Siku hizi ukimya umeongezewa hofu. Orodha ikiwa tupu, huwezi kujua kama mteja amepumzika, kama kazi imehamia kwa anayelipwa kidogo zaidi, au imechukuliwa na programu iliyofunzwa kwa picha ulizozitambulisha wewe. Jukwaa halitakwambia. Mwenzako wa nchi ya mbali, naye akitazama orodha tupu, ndiye atakayekwambia kwamba hata kwake hakuna kitu, na kwamba tatizo si kompyuta yako.

Mimi naona muda wa kusubiri ulipwe, hata kidogo, kama tunavyomlipa mlinzi usiku ambao mwizi hakuja. Najua ukumbini wamo wanaotoa kazi hizi na watasema hesabu haikubali. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, tuanze maswali na wao.