Solo ulizokariri zikiisha: jinsi ya kupiga bluzi yako mwenyewe kwenye gitaa

Habari zenu, karibuni. Leo tunahitaji gitaa lililotyuniwa, simu ya kurekodia, na sauti yako. Hata kama hujawahi kuimba mbele ya mtu, sauti hiyo ndiyo itakayofanya kazi kubwa.

Kuna wakati nilikuwa nimekariri solo karibu ishirini, yaani vipande ambavyo gitaa linaongoza peke yake, noti kwa noti. Usiku mmoja jukwaani mwimbaji akanionyesha kidole: ongeza raundi moja. Solo yangu ilikuwa imekwisha. Besi inaendelea, ngoma zinaendelea, mimi nimeshika shingo ya gitaa na sina la kusema. Kesho yake nilianza upya, kwa njia hii ninayokuonyesha.

Kwanza rekodi rizimu, yaani kodi za kusindikiza (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Tunapiga katika A. Bluzi iliyozoeleka ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. A7 vipimo vinne. D7 viwili, unarudi A7 viwili. Kisha E7 kimoja, D7 kimoja, A7 kimoja, na E7 kimoja cha kukurudisha mwanzo. Weka metronomu kwenye mapigo 72 kwa dakika. Raundi nzima itachukua sekunde 40. Kila pigo ligawe sehemu tatu, upige sehemu ya kwanza na ya tatu: taa-ta, taa-ta, taa-ta. Rekodi raundi sita, halafu weka gitaa chini.

Ndiyo, liweke chini kabisa. Sasa tunaimba.

Bluzi ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, na mizizi yake iko kwenye nyimbo za mashambani na za kanisani, ambako mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Aliyekulia kwenye ngoma au kwaya hahitaji kuelezwa zaidi. Ubeti wake una mistari mitatu: unasema jambo, unalirudia, kisha unalijibu. Sikiliza huu wangu:

Mvua imenyesha usiku, jiko langu limelowa.
Nasema mvua imenyesha usiku, jiko langu limelowa.
Mama mwenye makaa makavu, nifungulie, nina njaa.

Kila mstari una vipimo vinne, lakini umeona maneno yanaisha kwenye kipimo cha tatu hivi? Nafasi inayobaki ni ya gitaa. Mpiga gitaa wa bluzi B.B. King alikuwa akiimba mstari, ananyamaza, halafu gitaa lake aliloliita Lucille linamjibu. Ukimtazama alipopiga Kinshasa mwaka 1974, angalia mdomo wake na vidole vyake: vinapokezana.

Tunga ubeti wako, wowote, wa foleni ya daladala au wa mapenzi. Uimbe juu ya rekodi mpaka uzoee pale unapovuta pumzi.

Sasa chukua gitaa. Nakupa noti tatu tu. Nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba kuliko zote, huo ndio wa kwanza. Uzi wa pili freti ya 5, hiyo ni E. Uzi wa pili freti ya 8, G. Uzi wa kwanza freti ya 5, A. Najua wengi mnaifahamu skeli nzima ya pentatoniki, ile ya noti tano, hapo freti ya 5. Iacheni kwanza. Mwenye noti nyingi hukimbia, mwenye tatu hulazimika kusema kitu.

Piga mdundo wa maneno yako kwa noti hizo tatu, silabi kwa silabi. Mstari wa kwanza uishie kwenye G: unasikia unavyoning'inia, kama swali? Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu malizia kwenye A. Umefika nyumbani. Na pale ulipokuwa ukivuta pumzi, usiguse uzi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa, kwa sababu ukimya unawatisha. Vumilia.

Ukishapiga hivyo raundi kumi, tuongeze kilio. Sogeza kamera hapa. Uzi wa tatu, freti ya 7, kidole cha pete. Cha kati na cha shahada nyuma yake vinasaidia kusukuma. Dole gumba limeshika juu ya shingo. Kwanza piga uzi wa pili freti ya 5, uisikilize E vizuri. Halafu piga ile freti ya 7 na usukume uzi kwenda juu, kiganja kikizunguka kama unafungua kitasa, mpaka ifike pale pale kwenye E. Ukiishia njiani itasikika imepotea. Rudia taratibu, sikio ndilo litakaloamua.

Kuna mvuto mwingine mdogo zaidi, nami naupenda kuliko yote. Uzi wa tatu freti ya 5 ni C. Kodi ya A7 ina C kali (C#, freti moja juu ya C) ndani yake. Ivute C yako kidogo tu, isifike kwenye C kali, ibaki katikati. Hapo ndipo bluzi inapouma.

Ila D7 ikiingia, usiivute. C imo ndani ya D7, iache ilivyo. Na E7 ikija, gusa uzi wa nne freti ya 6, G kali, halafu usikie inavyokusukuma kurudi A. Anza kwa kubadilisha noti hiyo moja kila kodi inapobadilika. Solo itaanza kusikiliza wenzake.

Haya, nanyamaza. Nabakiza rizimu peke yake, raundi nne, dakika mbili na sekunde 40. Mstari wa kwanza uimbe kwa mdomo, wa pili ulie kwa gitaa. Moja, mbili, tatu, nne...