Kabla hujafomati, badilisha kebo kwanza

Haya, wakubwa shikamooni, wengine mambo zenu. Nasikika huko nyuma? Poa. Leo naongelea vile vitu vinavyotukimbiza kwa fundi kila siku wakati dawa yake ipo hapohapo mezani, na naanza na MP3 pleya maana naona kuna watu wamekuja nazo.

Mtu anachomeka pleya kwenye kompyuta, taa inawaka, chaji inaingia, lakini kompyuta haioni kitu. Basi anaamua imekufa, anampelekea fundi, fundi mwenye haraka anamwambia tufomati, yaani tufute kila kitu ianze upya. Hapana jamani. Kebo ya USB ya kawaida ndani ina nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, sasa kuna kebo za bei chee zimewekewa zile mbili za umeme tu, yaani kuchaji itachaji mpaka kesho ila nyimbo hazina pa kupita. Badilisha kebo. Ikigoma badilisha tundu, na kama ni kompyuta ya mezani chomeka nyuma, yale matundu ya mbele yanaunganishwa kwa waya humo ndani na huo waya hulegea. Ikigoma tena ijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Lakini badilisha kimoja kimoja! Ukibadilisha vyote kwa mpigo ikakubali, utajuaje kibovu kilikuwa kipi, si ile kebo mbovu inarudi kwenye droo na wiki ijayo inakusumbua tena.

Wenye zile iPod za gurudumu, ikiganda sogeza swichi ya Hold kisha irudishe, alafu bana Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja kama sekunde 6 mpaka 8, itawaka upya na nyimbo haziguswi. Na ukiichungulia kwenye kompyuta ukakuta nyimbo zina majina ya herufi nne zisizoeleweka, hivyo sio virusi, ndo inavyozihifadhi, jina la wimbo liko ndani ya faili.

Sasa shotikati, yaani alama ya njia ya mkato inayokupeleka kwenye faili iliyo kwingine. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo picha za harusi zinapopotelea. Umetoka steshenari kuprinti barua, umefika nyumbani unachomeka flashi, kila folda ina kamshale kadogo kwenye kona na ukubwa wake kilobaiti moja au mbili. Folda zako hazijafutwa. Kirusi kimezificha, kikaweka shotikati zenye majina yaleyale, na ukibonyeza folda inafunguka kweli kabisa, ndo ujanja wake huo, kumbe wakati unaangalia picha zako chenyewe kinahamia kwenye kompyuta. Kwa hiyo usibonyeze. Angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E, alafu kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows andika cmd, utafunguka ubao mweusi, humo andika hivihivi na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga Enter, tulia. Zile herufi h, r na s ni alama ambazo kirusi kimezibandika kwenye faili zako, h ndo ya kuficha, na kile kikistari cha mbele ndo kinaziondoa. Wakati mwingine baada ya hapo inatokea folda moja isiyo na jina, watu wanaifuta wakidhani ni takataka, kumbe kila kitu kimesukumiwa humo. Kopi vitu vyako, futa shotikati, antivirasi ipite kwenye flashi NA kwenye kompyuta, maana ukisafisha flashi peke yake kompyuta inaiambukiza tena hapohapo.

Na kama tayari umeshafomati ile fomati ya haraka, usiweke hata wimbo mmoja juu yake. Kilichofutika ni orodha ya faili, picha zenyewe mara nyingi bado zipo na programu za kurudisha faili zinaweza kuzitoa, ila kila unachoongeza kinakalia nafasi yao.

Mzee wangu pale anauliza kwaya yake kaipanga 01, 02, 03 lakini redio ya gari inacheza shaghalabaghala. Redio nyingi za hivyo haziangalii majina, zinafuata mpangilio wa jinsi faili zilivyoandikwa kwenye flashi, kwa hiyo futa zote ukopi upya, wa kwanza kwanza. Na flashi iwe FAT32, NTFS nyingi haziisomi (hayo ni majina ya mifumo ya kupanga faili, unauchagua wakati wa kufomati).

Kompyuta ikiwaka kila siku na tarehe ya zamani alafu tovuti zinasema sio salama, usiilaumu intaneti, toa ile betri ndogo ya CR2032 iliyo humo ndani ya kompyuta, inayotunza saa na tarehe, weka mpya, rekebisha tarehe, kwisha.

Eeh dada, flashi ya 512 GB kwa bei ya soda? Hiyo imedanganywa ukubwa tu, ikijaa pale inapoishia kweli faili zinazofuata zinaharibika bila kukuambia. Pakua H2testw, ni programu ya bure ya kupima flashi, inaijaza yote alafu inasoma tena, iache usiku kucha maana ni pole pole. Ikileta makosa irudishe dukani wakati bado una risiti. Haya, nani alikuwa na swali la printa?