Tumbo la paka likijaa maji, msikimbilie dawa ya minyoo

Haya jamani, zimeni simu, na yule mwenye paka kwenye kikapu pale nyuma nimekuona, tutaongea. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, nivumilieni tu.

2017 kuna mama alinijia na paka wake hata mwaka hajafikisha, tumbo limejaa kama dafu, uti wa mgongo unauhesabu pingili kwa pingili. Nyumbani washampa dawa ya minyoo mara tatu, maana kwetu tumbo likivimba ni minyoo, sijui nani alitufundisha. Nikachoma sindano nikavuta maji, ya manjano, ukiyabana kati ya vidole viwili yanavutika kama mlenda. Palepale nikasema hii FIP, ugonjwa wa paka unaoletwa na kirusi cha korona, nikamwambia mama tumpumzishe tu, yaani tumchome sindano afe bila mateso, ndo tulivyosomeshwa chuoni, FIP haina dawa. Mtoto wake akasema si ujaribu tu daktari. Nikamjibu hakuna cha kujaribu.

Sasa 2019 Niels Pedersen, daktari wa mifugo, na wenzake wa chuo kikuu cha UC Davis kule California wakatoa matokeo yao. Paka 31 wenye FIP, kila siku sindano ya dawa ya virusi inaitwa GS-441524, wiki 12. Watano walikuwa hoi hawakufika, 26 wakamaliza, kuna ambao ugonjwa ulirudi wakatibiwa tena, na mwishowe 25 wakaishinda FIP. Ishirini na tano! Mie mpaka leo nakutana na daktari mwenzangu anasema kama nilivyosema 2017, neno kwa neno, na hiyo ndo inanikera.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, aah paka tu, watu wanakufa. Haya, ile remdesivir waliyopewa wagonjwa wa Covid ikiingia mwilini inageuka kuwa hiyohiyo GS-441524, kwahiyo usimdharau paka. Na wewe unayeogopa neno korona, hii ni korona ya paka, haimpati mtu. Paka wengi wanaipata, wanaharisha kidogo, imepita, ila kwa wachache kirusi kinabadilika, kinatoka kwenye utumbo kinaingia chembe nyeupe za damu, mishipa inavimba ndo maji yanavujia tumboni.

Halafu aibu yetu. Dawa haikuwa na kibali, watu wakawa wananunua vichupa vya China kupitia magrupu ya Facebook wanachoma paka wenyewe nyumbani, yaani wenye paka walitutangulia sisi wenye vyeti! Uingereza madaktari wameanza kuiandika rasmi 2021, Marekani 2024.

Ngoja niwaonyeshe kitu, sogeeni. Glasi, maji safi, tone la siki nyeupe, koroga. Sasa nadondosha tone la maji ya tumboni... mnaona? Limejishika, linashuka polepole kama yavuyavu. Lingeyeyuka likapotea, FIP tungeiweka pembeni. Likibaki hivi usishangilie, tumbo lenye usaha nalo linafanya hivihivi, hapo ndo unapeleka maabara. Siki, jamani! Halafu mtu ananiambia kliniki yake haina vifaa.

Naambiwa muda. Haraka basi: 2024 Munich kule Ujerumani wamejaribu dawa hiyohiyo kwa paka 40 wenye maji, nusu siku 84 kama kawaida, nusu 42 tu, matokeo yakawa sawa, 38 wakapona, na siku zikipungua hela nayo inapungua. Ila wale ni wa maji, ukiona macho yamechafuka au anayumba akitembea hiyo habari nyingine, usikate siku. Cyprus 2023 walifungulia paka vidonge vya Covid vya binadamu, hiyo tuiruke. Chanjo nayo tuiruke.

Panadol siiruki. Kidonge kimoja cha 500 kinaua paka, ini lake haliwezi kuivunja, ufizi unageuka kahawia, uso unavimba, mkimbizeni saa hiyohiyo msisubiri asubuhi, usiniambie ulimpa nusu, nusu nayo inaua.

Haya mwenye kikapu, mlete huku mezani. Minyoo umempa mara ngapi?