Mche wa mkarafuu na jua: kuupa kivuli, kisha kuuondolea

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena shambani. Leo nipo huku kwetu Pemba, upande wa Wete, na hii mnayoiona nyuma yangu ni mikarafuu aliyoiacha babu. Kuna suali moja naulizwa kila nikitoka msikitini: "Miche yangu kitaluni ilikuwa mizuri, nimeipanda, sasa majani yamekuwa rangi ya chai. Ina nini?" Ina jua. Si husda ya jirani, wala si mbolea.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mwaka mmoja nilitoa miche 20 kitaluni nikaipanda kwenye konde jeupe, halina hata mgomba. Masika yalikuwa mazuri, mche unametameta, nikajisahau. Kaskazi ilipoingia na jua lake nikabakiwa na minane.

Mkarafuu una tabia mbili. Utotoni unataka kivuli, ukubwani unataka jua lote. Asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia, na huko mbegu huangukia msituni chini ya miti mikubwa, ikaota humo humo gizagiza. Kazi yetu leo ni kuuvusha kutoka tabia ya kwanza kwenda ya pili bila ya kuushtua.

Tuanze kitaluni. Hebu sogeza kamera, mwanangu, waone paa. Nguzo zina urefu wa futi sita na kidogo, ili mtu asimame bila ya kuinama. Juu tumelaza fito, na juu ya fito makuti mazima ya mnazi. Hayakusukwa. Ukiweka makuti ya kuezekea nyumba utaziba kabisa, na mche hautaki kufungiwa chumbani. Tunataka jua lipite kwa madoa madoa, kama robo yake tu wakati mche ni mdogo.

Utajuaje kuwa ni robo? Huna haja ya kifaa chochote. Njoo saa sita mchana, siku isiyo na mawingu. Nyoosha kiganja juu ya viriba, kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye majani, halafu tazama kivuli cha mkono wako. Vidole vikionekana vyote, vimekatika kama vimechorwa kwa kalamu, jua limezidi, ongeza kuti. Usipoona kivuli cha mkono hata kidogo, umeweka giza, ondoa. Ukiona kivuli kipo lakini kingo zake zimefifia, acha hapo hapo.

Na majani nayo yanasema. Angalieni huu mche wa kona ya ndani: umerefuka, shina jembamba, pingili zimeachana. Huu unatafuta mwanga. Na huu wa pembeni, ambao jua la jioni linaupiga, majani yamepauka njano na ncha zimeungua. Dawa ya yote miwili ni kubadilishana nafasi tu, wa ndani aje nje kidogo, wa nje aingie ndani. Ila msibabaike na majani machanga yenye rangi ya waridi. Hiyo ndiyo rangi yake, mkarafuu ukichipua huanza hivyo. Kuna mtu alinipigia simu usiku kwa ajili hiyo.

Sasa tuje kwenye kuzoesha, na hapa naomba msiruke mbele. Mche wa mkarafuu hukua polepole, unakaa kitaluni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kama unakusudia kupanda masika, anza kupunguza kivuli miezi mitatu kabla. Katika kila makuti manne, vuta moja. Livute jioni au siku ya mawingu, usilivute saa sita. Kisha kaa wiki tatu. Majani yakibaki kijani, vuta jingine. Yakianza kupauka, subiri, usione haya kulirudisha. Fika mpaka nusu ya jua inaingia, halafu simama. Mimi kosa langu lilikuwa hili: nilibomoa paa lote kwa siku moja kwa sababu nilitaka fito.

Huku shambani kivuli kinatakiwa kiwe kimeshafika kabla ya mche. Ndiyo maana migomba hii niliipanda mwaka jana. Naupendelea mgomba kwa sababu unakua haraka, unakupa mkungu, na siku ukitaka kuuondoa panga moja linatosha. Lakini uuweke wapi? Wengi wanauweka popote. Jua la asubuhi halina ubaya, ardhi bado ina umande. Linaloua ni la kuanzia saa saba mpaka saa kumi, hewa imeshapata moto na udongo umeshakauka. Kwa hiyo mgomba ukae magharibi ya mche. Na kwa kuwa sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, mwezi wa Januari na nusu ya kwanza ya Februari, katikati ya kaskazi, jua la mchana huwa limelalia upande wa kusini. Basi usogeze mgomba kidogo kusini pia, uwe magharibi-kusini. Kipupwe jua huhamia kaskazini, lakini wakati huo halina ukali, liache lipite.

Mgomba usiubananishe na mche. Futi tano baina yao, na watoto wa mgomba uwapunguze, maana nao wanakunywa maji. Mikarafuu yenyewe mimi naipanda futi 24 kila upande. Najua mche mdogo katikati ya nafasi kubwa hivyo unatia huruma. Vumilia.

Siku ya kupanda, chomeka makuti mawili mabichi upande huo huo wa magharibi, yainamie mche kama mwamvuli. Nayapenda makuti mabichi kwa jambo moja: mwanzo yanaziba vizuri, kisha kila yakikauka majani yake hujikunja na mwanga ukaongezeka wenyewe kidogo kidogo. Kazi ya kuzoesha inaendelea na wewe umelala. Chini weka matandazo ya majani makavu, yasiguse shina.

Mwaka wa pili anza kukata majani ya mgomba yanayofunika kilele cha mche. Mwaka wa tatu au wa nne, mkarafuu ukishakupita kimo na majani yake yamekuwa mazito, mgomba utoke. Toa mmoja mmoja, na utoe mvua zikiwepo.

Watu wengi wanaupanda mche chini ya mkarafuu mzee, wanasema mzee akifa mtoto atashika nafasi. Mimi sikubaliani. Hautakufa, lakini utakaa miaka ukiwa kijiti kile kile, kivuli kizito juu na mizizi ya mzee chini. Panda kwenye pengo, pale ulipoanguka mti.

Kwa mikarafuu mikubwa maneno ni machache. Karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi, na kitawi kilichokosa jua hakikupi kitu. Tazameni huu: upande wa barabarani umebeba mpaka chini, upande unaokumbatiwa na mwembe ni majani matupu. Kata tawi la mwembe, ng'oa mitambaazi inayopanda juu ya mkarafuu, basi.

Haya, saa kumi na moja imefika na wingu limekuja lenyewe. Mwanangu, weka kamera juu ya ndoo, shika ile ncha ya kuti, la nne kutoka mlangoni. Polepole, usidondoshe takataka kwenye viriba. Mmeona doa la mwanga lilipoangukia? Hapo ndipo nitakapopiga picha, na baada ya wiki tatu tutakuja kuangalia majani hayo hayo.