Mistari Elfu Moja ya Kwanza

Asanteni sana, karibuni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujifunza Power Query, ile sehemu ya Excel na Power BI ya kusafisha na kupanga data, kwa ajili ya mtihani wa PL-300, ule wa Microsoft wa wachambuzi wa data wanaotumia Power BI. Kuandaa data peke yake huchukua asilimia 25 hadi 30 ya mtihani huo, na alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000. Msidhani 700 ni asilimia 70 ya maswali. Alama hizo zina kipimo chake. Kwa hiyo acheni kupiga hesabu ya maswali mangapi mnaweza kuyakosa.

Sisi tuliotoka kwenye Excel tuna ugonjwa wa kukariri vitufe. Mimi niliuguza ugonjwa huo wiki tatu nzima. Kisha nikapewa faili la mistari kama 40,000. Nikakagua safu ya tarehe, Power Query ikaniambia makosa ni sifuri, nikashusha pumzi. Kupakia tu, makosa yakamiminika. Kumbe usipoiambia vinginevyo, hukagua mistari 1,000 ya kwanza tu! Imeandikwa pale chini kabisa ya dirisha, kwa herufi ndogo, na ukibofya maandishi hayo unaichagulia ikague data yote. Nilikuwa nimeyapita kila siku bila kuyasoma.

Tangu hapo najifunza kwa data chafu niliyoichafua mwenyewe. Haihitaji kuwa kubwa. Andika jedwali la mauzo lenye mistari 6, mteja K02 awe amenunua mara mbili. Andika na jedwali la wateja, na humo K02 umrudie kwa makusudi. Sasa yaunganishe kwa namba ya mteja, ubakize mistari yote ya mauzo, kisha panua safu iliyotokea. Hesabu mistari. Ni 8! Jumla ya mauzo imepanda na hakuna aliyenunua kitu, wala hukuona onyo lolote. Watu husema, "Si nimebakiza jedwali la kushoto lilivyo?" Ndiyo, limebaki, lakini kila mstari wake umekutana na wote unaolingana nao upande wa pili. Mauzo mawili ya K02, kila moja limekuta K02 wawili.

Ukimaliza hapo, badili K03 mmoja awe k03. Hawatakutana, maana herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti. Kisha mrudie na K05 kwenye jedwali la wateja, mwishoni mwa mmoja wao weka nafasi moja, macho yako hayataiona kabisa. Ukiondoa marudio kwanza ndipo ukasafisha nafasi, utabaki na K05 wawili wanaofanana kama mapacha, kwa sababu wakati wa kuondoa walikuwa bado tofauti. Safisha kwanza. Maswali ya mpangilio wa hatua ndipo wakariri vitufe wanapokwama, kwa vile vitufe vyote wanavijua.

Ile orodha ya hatua upande wa kulia ndiyo daftari lenu. Bofyeni hatua moja moja kutoka juu, na kabla ya kubofya, tajeni kwa sauti mistari mingapi itabaki. (Nyumbani walidhani nimeanza kuongea peke yangu. Nilikuwa nimeanza kweli.) Mkikosea idadi, simameni hapo hapo, msiendelee.

Lugha ya M, ile ambayo Power Query huandikia hatua hizo, sitaikalia sana. Jifunzeni kuisoma, kuiandika kutakuja.

Naona mkono kule nyuma... Dada anauliza kuhusu thamani tupu. Swali zuri, limeniponza mara nyingi. Una safu ya bei na safu ya usafiri, unajumlisha mstari kwa mstari kwa alama ya kujumlisha. Bei ni 500, usafiri ni tupu. Jibu si 500, jibu ni tupu. Lakini ukitumia List.Sum, amri ya M ya kujumlisha orodha, tupu inarukwa na unapata 500. Je, ubadilishe tupu zote ziwe sifuri? Kamuulize aliyejaza data. Kama tupu ina maana usafiri ulikuwa wa bure, weka sifuri. Kama ina maana alisahau kuandika, sifuri yako ni uongo, na wastani wa gharama za usafiri utashuka bila sababu.