Kidudu Kisicho na Lebo Hakina Kwao

Waheshimiwa walimu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda msituni, mada niliyopewa ni namna ya kueleza spishi mpya ya isopoda wa nchi kavu, yaani yule mdudu wa kijivu mwenye magamba ambaye ukigeuza gogo bichi humkuta amejikusanya penye unyevu, na ambaye baadhi ya jamii yake wakiguswa hujiviringisha mfano wa gololi. Sitapoteza muda kuwakumbusha kwamba ni ndugu wa kaa na kamba, wala kwamba kwa miguu yake saba kila upande hawezi kuwa jongoo. Hayo mmeyasoma. Nataka kuzungumzia lebo, na wale mliokwisha kunisikia nikiisema lebo mtanisikia tena, kwa sababu kila mwaka naletewa chupa ambazo siwezi kuzifanyia kitu.

Miaka mingi iliyopita nilirudi kutoka Usambara na chupa ndogo ya spiriti yenye isopoda 18, niliowakusanya kwa mikono yangu katika majani yaliyooza chini ya mti ulioanguka, mvua ikininyeshea. Kalamu ya risasi ilikuwa imevunjika ncha, nami sikuona haja ya kuichonga, basi lebo nikaiandika kwa kalamu ya wino ya kawaida, ile ya dukani, nikaitumbukiza ndani ya chupa. Miezi minne baadaye nilipoifungua, spiriti ilikuwa na rangi ya buluu hafifu na karatasi ilikuwa nyeupe pe. Niliinua karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza upande huu na upande huu, nikaona alama ya herufi moja tu pale kalamu ilipokandamiza. Jina la mahali, kimo, tarehe, vyote vilikuwa vimeyeyuka.

Kisha nikamweka dume mmoja chini ya hadubini. Nilimtoa kwa kibano pleopodi ya kwanza, jozi ya mbele kati ya zile jozi tano za viungo bapa vilivyo chini ya tumbo, nikailaza juu ya kioo. Ncha yake ilikuwa imepinda kuelekea nje, na ukingoni palikuwa na safu ya vinywele vigumu ambavyo sikuwahi kuviona katika mchoro wowote wa jamaa zake. Nilikesha na vitabu. Hadi alfajiri nilikuwa nimeridhika kwamba mnyama yule hajawahi kuandikwa, na wakati huo huo nikafahamu kwamba mimi sitaweza kumwandika.

Mtu ataniuliza: si ulijua kwamba ni wa Usambara? Ndugu yangu, Usambara ipi? Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera, na katika safari ile nilipita pande zote mbili. Kwa ndege bonde lile si kitu. Kwa mnyama anayepumua kwa viungo vinavyotaka unyevu, ambaye jike lake hubeba mayai katika mfuko wa majimaji chini ya kifua, bonde lenye joto na ukavu ni kizuizi kikubwa. Safu za milima ya Tao la Mashariki ni 13, kuanzia Taita hadi Udzungwa, na kila moja ina viumbe wasiopatikana kwingine. Kuandika "Usambara" bila upande wala kimo ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia unakaa Tanga. Nilirudi huko misimu miwili ya mvua, pande zote mbili, nikapata majike peke yake.

Hapo ndipo penye jambo la pili. Katika jenasi nyingi, yaani makundi ya spishi zilizo ndugu wa karibu, majike wa spishi jirani hufanana mno, na kinachowatofautisha ni pleopodi za kwanza na za pili za dume, mara nyingine pamoja na mguu wake wa saba. Kwa hiyo msiridhike na wawili watatu. Katika spishi moja ya isopoda, Armadillidium vulgare, imethibitishwa kwamba bakteria wa Wolbachia huweza kuwageuza waliozaliwa na jinsi ya kiume wakakua kama majike, hata madume wakawa haba. Chukueni wa kutosha, wakubwa kwa wadogo, ila msimwandike mdogo kama spishi mpya kwa kuwa ana jozi sita za miguu: hutoka katika mfuko wa mama akiwa hivyo, na jozi ya saba humwota baadaye.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi DNA inatosha. Naikubali DNA, nami naitumia, maana imetuonyesha spishi mbili pale ambapo jicho liliona moja. Lakini mfuatano wa DNA ya mnyama asiye na mahali utakuambia kwamba ni tofauti, hautakuambia urudi wapi kumtafuta. Mwaka 1910 Gustav Budde-Lund, wa Denmark, alieleza isopoda waliokusanywa na msafara wa Wasweden Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Hakuna aliyejua DNA wakati huo, ila mahali paliandikwa, na kwa sababu hiyo sisi leo tunaweza kupanda milima ile ile na kulinganisha. Tangu Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alipomwandika isopoda Oniscus asellus mwaka 1758 zimeelezwa zaidi ya spishi 3,700 za isopoda wa nchi kavu, na kazi ya kuwatambua wengine wote inawategemea hao wenye kwao panapojulikana.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu jina nitasema kwa ufupi: kanuni za kimataifa zinataka, kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999, uitaje holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, au sintaipu kama ni vielelezo kadhaa, na useme vimehifadhiwa au vitahifadhiwa katika makumbusho gani, na ukichapisha kwa njia ya kielektroniki tu, lazima uisajili kazi yako ZooBank, yaani sajili rasmi ya majina ya wanyama. Michoro ya antena na telsoni, yaani kipande cha mwisho cha mwili, sitaifikia leo.

Gari la kwenda Amani, Usambara Mashariki, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kalamu za risasi zimo katika kisanduku kile mezani. Kila mmoja achukue mbili pamoja na kichongeo, na lebo iandikwe pale pale kwenye gogo, kabla chupa haijaingia mfukoni: upande wa mlima, kimo, aina ya msitu, tarehe, na jina la aliyekusanya.