Mwezi, maji na pantoni ya Pangani

Assalaam alaykum, habari za jioni, na wazee wangu shikamooni.

Kijana aliyeniletea mwaliko alianza kwa kuniuliza kama ipo namna ya kushika nafasi ya gari mapema kwenye pantoni ya kuvuka mto pale Pangani, hasa sikukuu. Nilimjibu kwamba pale unafika, unakata tiketi, unajipanga. Wenzetu wa jimbo la Washington, Marekani, wanaokwenda na magari visiwa vya San Juan, hushika nafasi, na nafasi zenyewe hutolewa kwa mafungu: nyingine miezi miwili kabla ya msimu, nyingine wiki mbili kabla ya safari, nyingine siku mbili. Hata huko wapo wanaojitokeza mikono mitupu wakaambiwa wakae pembeni wangoje. Sisi sote ni wa pembeni.

Ila mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, na wakwe zangu wako Mkwaja, ng'ambo ya mto, kwa hiyo foleni ile nimeikalia sana na nimeiwazia sana. Foleni ya Idd haiji kwa bahati mbaya. Imeandikwa mbinguni, na sisemi kwa mzaha.

Idd el Fitri huja mwezi ukiandama. Mwezi ukiandama, bahari iko kwenye bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mvuvi yeyote wa Deep Sea au Mwambani, pale Tanga, atakwambia bila kutazama karatasi. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa mpaka mwisho mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Haya, ifuateni Idd Mosi. Watu wameswali, wamekunywa chai, watoto wamevishwa nguo mpya, mmoja amesahau kiatu mkarudi. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Unatokea gatini saa nne na nusu au saa tano, pamoja na mji mzima, na maji ndiyo yako chini kabisa! Pantoni imeshuka na maji, gati la zege halikushuka. Gari linateremka hadi ncha ya chini, penye matope na utelezi. Gari fupi linakwaruza bampa, utingo anapiga kelele "kata kulia, kata kulia," fuso lenye mzigo linaambiwa litulie kwanza. Wenzetu wa Likoni, Mombasa, wanaijua shida hii vizuri. Basi wingi wa watu na ufinyu wa maji vinakutana saa ile ile, mwaka hata mwaka, na sisi tunamlaumu mkata tiketi.

Idd el Hajj ni habari nyingine. Huwa tarehe 10 ya mwezi, mwezi angani umeshapita nusu duara kidogo, maji ni mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Watu ni wengi lakini gati halisumbui. Pasaka huangukia ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo miaka mingine Ijumaa Kuu inaangukia bamvua na miaka mingine la. Krismasi haina mwezi wake; hiyo utoke nje usiku utazame mwenyewe.

Ukishafika, usihesabu magari. Hesabu urefu. Basi moja na fuso mbili zinaweza kula nafasi ya magari madogo saba. Mmarekani mmoja, John Little, mwaka 1961 alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo mama muuza chapati pale gatini anaijua bila hesabu: ukijua waliomo kwenye foleni na kasi wanayopita, umeujua muda wa kungoja. Tuseme mbele yako kuna magari madogo 40, pantoni inabeba nane, na kwenda na kurudi ni nusu saa. Hizo ni safari tano kabla ya yako, saa mbili na nusu. Ongeza gari la wagonjwa na gari la maiti, ambavyo havipangi foleni na wala visipange. Ukiona hesabu imekushinda, nunua chapati.

Mwenye gari dogo asiende kuzurura sokoni. Mara nyingi hubaki upenyo wa gari moja, mpangaji anapunga mkono, na dereva hayupo. Nimewahi kupata upenyo huo kwa sababu wanne mbele yangu walikuwa wanakula mihogo.

Mpangaji akisema imejaa, imejaa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, ikiwa imezidisha abiria, wakafa zaidi ya 200. Sitaki kulirefusha hilo. Abiria washuke, waingie kwa miguu. Dereva avute breki ya mkono, aliache gari kwenye gia, na vioo viwe wazi.

Na kuna njia ambayo wenye magari huionea haya: liache gari Pangani kwa ndugu, vuka kwa miguu, panda bodaboda Bweni, upande wa pili. Gari la kutamba ukweni unaweza kulitambia siku nyingine. Kuzunguka Segera hadi Mandera, kisha Miono na Saadani, kunamfaa mwenye mafuta na mgongo mzima.

Najua mtaniuliza daraja. Siku tutakayopita juu, mhadhara huu mfungieni vitumbua.

Naona dada pale nyuma ananyoosha mkono... Anauliza mimi Idd Mosi nitavuka saa ngapi. Saa tisa alasiri, dada yangu, maji yakiwa yamepanda na waliokuja asubuhi wameshavuka. Lakini nawaomba: humu ukumbini tuko watu wengi. Msije nyote saa tisa.